Jembe moja limejikunja, jingine limepasuka: tulaumu viwanda vya nje?

SWALI: Habari fundi. Nina jembe la marehemu baba lina zaidi ya miaka 30, limelika mpaka limebaki nusu lakini ukilipiga kwenye udongo mgumu wala halitetereki. Mimi ndani ya miaka miwili nimeshanunua matatu mapya. La kwanza lilijikunja kama kifuniko cha sufuria, la pili lilipiga kijiwe tu likapasuka kuanzia kwenye makali mpaka katikati, la tatu lipo naogopa hata kulishika. Hata diski za haro ya trekta, ile ya kuvunja mabonge ya udongo, zinaisha haraka kuliko zamani. Watu wanasema ni kwa sababu kila kitu siku hizi kinatengenezwa nje. Ni kweli? Na mtu anaweza kujua kabla hajatoa hela yake? Na hayo niliyonayo je, yanaweza kutiwa ugumu upya?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa hasara. Swali lako limenifurahisha sababu bila kujua umeshanipa nusu ya jibu. Jembe lililojikunja na jembe lililopasuka hayana ugonjwa mmoja, yana magonjwa mawili yanayopingana kabisa. La kwanza ni laini kupita kiasi, la pili gumu kupita kiasi. Ingekuwa shida ni "chuma cha nje" basi yote yangeharibika kwa namna moja.

Kwanza tuelewane jembe zuri linakuwaje. Chuma chake kinatakiwa kiwe na kaboni ya kutosha, tuseme kati ya asilimia 0.5 na 0.8 hivi. Kinapashwa mpaka kinaiva vizuri, nyuzijoto 800 na kitu, halafu kinapozwa ghafla kwenye mafuta au maji. Hapo kinakuwa kigumu sana lakini kinakatika kama kioo, kwa hiyo kinarudishwa kwenye moto mara ya pili, moto mdogo, ili kilegee kidogo na kiweze kuvumilia mapigo. Hizo hatua mbili ndo roho ya jembe, na ndo kitu pekee ambacho huwezi kukiona kwa macho dukani. Ukishapiga rangi juu, jembe lililopita kwenye moto mara mbili na ambalo halijapita hata mara moja yanafanana kama mapacha.

Sasa lako la kwanza, nina hakika karibu yote, limekatwa kwenye bati nene la chuma laini, kile cha kaboni isiyozidi asilimia 0.25, chuma cha mageti na madirisha. Hicho ukikipasha na kukichovya hata mara 100 hakiwi kigumu cha kufaa, hamna kaboni ya kufanyia kazi. La pili chuma chake huenda kilikuwa kizuri tu, ila mtu aliruka ule moto wa pili. Kama bado unavyo vipande vyake nenda kaangalie pale lilipopasukia. Ukiona punje kubwa zinazong'aa kama sukari, lilipashwa moto kupita kiasi. Ukiona rangi ya majivu na punje ndogo ndogo sana, chuma kilikuwa safi ila kilibaki kigumu mno. Na ukikuta sehemu ya ufa ina weusi au kutu ya zamani wakati kwingine panang'aa, basi ndugu yangu hilo ulinunua tayari lina ufa kutoka kiwandani, hicho kijiwe unakionea bure.

Kuhusu nje. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyobana bidhaa za kigeni zilizokuwa zinauzwa zikijifanya za Uingereza, mpaka ikabidi ziandikwe zimetoka nchi gani. Waliopiga kelele sana ni watengeneza visu wa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, walikuwa wamechoshwa na visu rahisi kutoka Ujerumani vinavyogongwa jina la Sheffield. Yaani maneno "imetengenezwa Ujerumani" yalianza kama onyo kwa mnunuzi! Leo mtu akiyaona kwenye bisibisi anaongeza hela kwa furaha. Nchi haijahama, waliobadilika ni watu wanaopima na wanaokagua.

Kwa hiyo mimi swali langu huwa sio "imetengenezwa wapi", ni "nani aliandika oda na nani alipima mzigo". Kiwanda kimoja, mashine zile zile, wafanyakazi wale wale, kinaweza asubuhi kutoa diski safi za kampuni kubwa ya matrekta na mchana kutoa majembe ya ovyo ya mfanyabiashara aliyesema nataka kontena zima kwa bei hii hapa na sitaki kujua mengine. Kiwanda hakimdanganyi mtu hapo, kinapunguza mpaka bei ifike. Na vya kupunguza ni vichache: unapunguza unene, unatumia chuma cha kuyeyusha vyuma chakavu ambacho hakuna aliyepima kina nini ndani, unaruka moto wa pili sababu tanuru linakula umeme au gesi na muda. Rangi ndo haipunguzwi hata siku moja, umeshawahi kuona jembe baya lenye rangi mbaya?

Kuna na ule mchezo wa pole pole. Sampuli inakuja nzuri kweli, mzigo wa kwanza mzuri, watu wanaisifia chapa, mzigo wa tatu au wa nne unene umepungua kidogo na hakuna anayepima tena. Au kiwanda cha zamani kinafungwa, jina na nembo vinauzwa, mmiliki mpya wa hilo jina anatengenezesha kwingine kabisa. Wewe unanunua nembo uliyoiona kwa mzee, kumbe kilichobaki ni nembo tu.

Huo unene usiuchukulie poa. Bapa la milimita 3 likishushwa mpaka 2.5 wameokoa chuma asilimia 17 hivi, unaona kama ni kidogo. Lakini nguvu ya bapa kukataa kujikunja inaenda kwa unene mara unene, kwa hiyo chuma kikiwa kile kile umepoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Halafu jembe la zamani mara nyingi lilifuliwa kutoka kwenye kipande kimoja, nene pale kwenye tundu la mpini na linapungua taratibu kuelekea kwenye makali. Haya ya bati yana unene mmoja kuanzia juu mpaka chini na tundu limechomelewa juu yake. Pitisha vidole viwili pande zote utasikia tofauti, huhitaji kipimo.

Ila tusiwasifu sana wazee. Hata enzi hizo majembe mabovu yalikuwepo, yalivunjika yakatupwa, hakuna aliyeyaweka kumbukumbu. Lililobaki nyumbani kwenu ndo lililoshinda wenzake wote, halafu wewe unalilinganisha na matatu uliyookota dukani.

Kujua kabla ya kulipa, mimi natembea na tupa ndogo mfukoni. Mwombe muuzaji ukwangue rangi kidogo pale kwenye makali, sio katikati maana mengine yanatiwa ugumu makali peke yake, halafu pitisha tupa. Ikizama kama kwenye siagi, rudisha. Ikiteleza kabisa bila kushika, nalo rudisha, hilo ni ndugu wa lile lako la pili. Unataka tupa ishike lakini kwa kubishana. Muuzaji akikataa usikwangue basi nalo ni jibu. Kuligonga usikie mlio kunasaidia kugundua ufa, sauti inakuwa imekufa badala ya kulia kama kengele, lakini hakukuambii ugumu. Na wale wanaojaribu kwa sumaku waache tu, sumaku inashika msumari na inashika tupa vile vile.

Nyumbani ukiwa na grainda unaweza kwenda mbali zaidi. Chukua msumari na tupa chakavu iliyokwisha, kwangua kimoja kimoja gizani kidogo uangalie cheche. Msumari ni chuma laini, cheche zake ndefu zimenyooka na hazipasuki sana. Tupa ina kaboni nyingi, cheche zinapasuka pasuka kama vinyota vingi. Halafu weka jembe uone limefanana na nani. Vaa miwani tafadhali, jicho halina spea.

Sasa hayo uliyonayo. Lililojikunja linyooshe ulitumie kwenye udongo laini. Fundi anaweza kuchomelea ukanda mwembamba wa elektrodi ngumu (vijiti vya kuchomelea vinavyoacha chuma kigumu) kwenye makali, upande mmoja tu, upande ule laini utalika wenyewe na ule mgumu utabaki umechongoka, ndo meno ya panya yanavyofanya kazi. Lakini hiyo inasaidia makali yasiishe, kujikunja kuko pale pale. Lililopasuka usihangaike nalo, ukichomelea ufa litapasuka pembeni ya mshono.

Hilo la tatu ndo lenye matumaini. Lipime kwa tupa leo. Ikiteleza, toa mpini, kwangua rangi yote, ng'arisha upande mmoja kwa msasa, kisha lipashe kwa moto wa taratibu kuanzia kwenye tundu kuelekea kwenye makali. Ule uso uliong'aa utageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha bluu. Bluu ikifika kwenye makali, hapo ni kama nyuzijoto 300, litoe uliache lipoe lenyewe. Usiende mpaka liwe jekundu sababu hapo umefuta kazi yote.

Diski za haro ni habari nyingine kidogo. Nyingi nzuri ni za chuma kilichochanganywa na kitu kinaitwa boroni, kidogo sana haifiki hata asilimia 0.01, lakini inasaidia ugumu uingie mpaka ndani. Usikubali mtu achomelee ufa kwenye diski hizo, joto la kuchomelea linaharibu ugumu pembeni ya mshono na kipande kinaweza kuruka ukiwa kwenye mwendo. Kabla hujalaumu diski, shika moja uitikise, ikicheza basi beringi imekwisha au nati za shafti zimelegea, na diski inayoyumba inalika hata ingekuwa bora kiasi gani. Angalia pia ile pembe uliyoifungia, watu wanafungua pembe kubwa ili haro izame zaidi na wanashangaa makali yanaisha. Na bolti ukibadilisha tazama namba ya nguvu kichwani, 8.8 au 10.9, isiyo na namba yoyote iache kwenye kazi za ukuta.

Ukishapitisha tupa kwenye hilo la tatu niandikie imeshika au imeteleza, na kama una picha ya pale lile la pili lilipopasukia nitumie, ipigwe kwa karibu na mwanga utoke pembeni.