Jina linaloitwa vyombo vikiwa mezani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, utamaduni na malezi ndivyo vinavyotupangia mwanamke aweje na mwanamume aweje, na ufeministi, yaani harakati za kudai usawa wa wanawake na wanaume, unaweza kubadilisha nini hapo? Mimi nasema ndivyo, ila si kwa mawaidha. Sikumbuki mzazi wangu akinikalisha kitako kuniambia mwanamke yuko chini ya mwanamume. Ninachokumbuka ni jina langu kuitwa.

Mimi na kaka yangu tumepishana mwaka mmoja. Tukishamaliza kula, vyombo viko mezani, sote tumekaa, mama anaita mimi. Usiku mmoja nilikuwa na mtihani asubuhi yake, daftari liko wazi mapajani. Kaka amejinyoosha tu. Nikaitwa. Nikauliza, "Mbona asiende yeye?" Mama hakukasirika. Alishangaa, na mshangao ule ulinifunza kuliko kofi. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Wala simlaumu. Naye aliitwa vivyo hivyo, na bibi kabla yake. Wanaosema ufeministi ni vita vya wanawake na wanaume hawajatazama ni nani hasa wanaorithishana mambo haya. Mara nyingi ni sisi kina mama, tena kwa mapenzi, tukihofia binti asije akaambiwa hakufunzwa na mamaye.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Uswisi, pamoja na utajiri wake wote, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura ya kitaifa mwaka 1971. Mwaka 1959 suala hilo lilipelekwa kwenye kura ya maoni, wapiga kura wakiwa wanaume watupu, wakakataa. Iceland nako, tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake takriban 9 kati ya 10 waligoma kwa siku moja: maofisini hawakwenda, nyumbani hawakupika, watoto hawakuwaangalia. Kina baba wengi wakalazimika kwenda na watoto kazini. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya usawa, na mwaka 1980 nchi hiyo ikamchagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais. Naipenda habari hii kwa sababu ilianzia palepale kwenye vyombo.

Lakini sheria haifiki kila mahali. Majuzi mwanangu wa kiume, ana miaka 6, alianguka akachubuka goti. Nikasikia sauti yangu: "Nyamaza, mwanaume halii!" Mimi huyu, niliyebishana na watu miaka yote hii. Akanyamaza papo hapo, midomo imembana, machozi yanamtiririka bila sauti. Iliniuma sana.

Jioni nikamwita nikamwambia nilikosea, mtu akiumia analia.

"Hata baba?"

Baba yake alikuwa amekaa pale pale. Akaweka simu chini, akamjibu yeye mwenyewe: "Hata mimi."