Tangu nijifungue, kaka mtu kageuka mwingine kabisa

SWALI: Habari dada. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, alikuwa mpole ila tangu nimzae mdogo wake, sasa ana miezi 3, kabadilika, nikikaa tu kunyonyesha anarusha vitu, juzi kamfinya mtoto mguu mpaka pakawa pekundu, nikamchapa akalia mpaka akatapika. Na kitandani kaanza tena kukojoa wakati alishaacha. Baba yake anasema namdekeza, mtoto wa kiume halii hovyo. Nimechoka jamani.
Mama wawili, Mbagala

JIBU: Pole mama, na hongera ya mtoto. Huyo kijana hajaharibika, ana wivu, na kwa umri wake hana hata neno la kuuita, anachojua kuna donge kifuani na mikono inawasha ndo maana anafinya. Ile sehemu ya ubongo ya kujizuia inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka 20 na kitu, sasa wa miaka 4 ukimwambia "acha hasira" unamdai asichokuwa nacho. Kukojoa nako hutokea sana mtoto akipata mdogo, usimsute mbele za watu, ila akilalamika maumivu mpeleke hospitali.

Akija tena kumfinya mdogo wake, wahi mkono wake, chuchumaa umtazame usoni, sema kwa sauti ya chini "umekasirika kwa sababu mama kambeba mdogo wako. Kukasirika sawa, kufinya hapana." Basi, usiongeze hotuba, mtu anayelia kwikwi hasikii hotuba. Na kwa sasa usiwaache wawili peke yao.

Kutulia mfundishe siku ametulia. Asubuhi akiwa na kikombe cha uji wa moto mwambie apulize polepole usimwagike, mcheze hivyo kila siku, halafu hasira ikimpanda unamwambia tu "puliza uji", mnapuliza wote.

Mdogo akilala mpe dakika 10 zake, simu iweke mbali. Baba naye jioni aende nae dukani kununua mkate, wao wawili tu, na hilo la mtoto wa kiume halii mi silikubali hata kidogo, chozi ukilizuia hasira inatokea mikononi.

Na kile kichapo cha juzi, mwombe msamaha. Mwambie mama alikasirika akakosea, siku nyingine na mama atapuliza uji.