Maswali Yenu: Faini ya Pauni 50 na Hasira ya Taifa

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mnapowagusia viongozi waliovunja masharti ya korona, naona mnakuza mambo. Boris Johnson alitozwa pauni 50 tu. Je, ni haki kosa lenye faini ndogo hivyo limharibie jina mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza? Na ikiwa sheria ni msumeno, mbona mnataka viongozi wakatwe zaidi ya wengine?

JIBU: Ndugu msomaji, faini ilikuwa ndogo kweli, lakini haikuwa ndiyo kiini cha shauri. Polisi wa London walitoa faini 126 kwa watu 83 kuhusiana na hafla zilizofanyika katika ofisi za serikali, na kama Johnson angekiri mapema, huenda mambo yangeishia hapo. Badala yake, Desemba 2021 aliliambia Bunge kwamba kanuni hazikuvunjwa, na Juni 2023 kamati ya Bunge ikaamua kwamba alilipotosha kwa makusudi. Kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kuachia kiti chake cha ubunge.

Kuhusu hasira ya watu, tazama siku mbili tu. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2021, wafanyakazi wa ofisi ya waziri mkuu walikuwa wakinywa na kusherehekea kuwaaga wenzao, ingawa Johnson mwenyewe hakuwapo. Kesho yake Malkia Elizabeth alimzika mumewe akiwa amevaa barakoa, ameketi peke yake kanisani, kwa kuwa mazishi yaliruhusiwa watu wasiozidi 30. Waliokuwa wamezika wazazi wao kwa namna hiyohiyo hawakuhitaji kuelezwa na gazeti lolote kwa nini picha ile iliwachoma. Masharti yale yalisimama kwa hiari ya watu kuliko kwa nguvu ya polisi, kwani hakuna askari anayeweza kulinda kila sebule, na hiari hiyo ilitegemea imani kwamba aliyeyatunga naye anayabeba.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe juu ya msumeno. Nchini Norwei, Erna Solberg, aliyekuwa waziri mkuu, alitozwa kroni 20,000 Aprili 2021 kwa sababu familia yake ilikusanyika kuadhimisha miaka yake 60 ikiwa imezidi idadi ya watu 10 iliyoruhusiwa. Mumewe, ambaye polisi walisema naye alivunja kanuni, hakutozwa kitu. Polisi walieleza kwamba Solberg ndiye aliyekuwa sura ya masharti yale mbele ya umma, na kwa maoni yangu walikuwa sahihi. Solberg aliomba radhi akalipa.

Karibu zaidi na sisi, Johnson Sakaja alikamatwa Julai 2020 katika baa jijini Nairobi saa za kafyu, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya masuala ya korona (hata mtunzi wa vichekesho angeona aibu kubuni kisa hicho). Aliomba radhi, akajiuzulu uenyekiti, akakiri kosa mahakamani na kutozwa shilingi 15,000. Miaka miwili baadaye wakazi wa Nairobi walimchagua kuwa gavana. Kama walimsamehe au walikuwa wamesahau, hilo waulizwe wao.