Mwezi si wa Sayansi peke yake

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza utaufundishaje Mwezi darasa la nne nje ya kipindi cha Sayansi, anza na Hisabati. Mtoto mmoja ashike mpira wa miguu uwe Dunia, mwingine limau liwe Mwezi, kisha waulize wasimame umbali gani. Wengi watakaribiana mno. Jibu ni kama mita 6 na nusu.

Kwenye Sanaa wachore hilali waliyoiona wenyewe jioni. Huku kwetu karibu na ikweta hulala kama mtumbwi, si wima kama ya vitabuni, na hapo ubishi utawaka wenyewe! Ukiwa pwani, Jiografia unayo bure: bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Waulize wavuvi siku zake, mlinganishe na kalenda.