Jibu: MGB (gari la michezo la Kiingereza) ya 1971 inatoa moshi mweusi na kutetemeka ikiwa sailensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta)

Mkuu, usikimbilie kununua kabureta moja ya Weber kama fundi wako alivyokushauri. MGB yako ilitoka kiwandani Abingdon na kabureta mbili za SU aina ya HS4, na zikikaa sawa injini hiyo inatulia vizuri tu.

Kabla ya kushika spana, chungulia chini ya kabureta zote mbili. Rudisha choki, kisha uangalie jeti (vijibomba vya kupitisha petroli) zimepanda zote hadi juu? Kebo ya choki ikikwama, jeti moja inabaki imeshuka na petroli inamwagika kama bomba bovu. Mimi nilimaliza wikendi mbili nikizungusha nati, kumbe ni kebo! Mke wangu bado ananicheka.

Kama kebo ni nzima, toa damper (kijiti cha kupunguza kasi ya pistoni) ya juu, inua pistoni ya kabureta kwa kidole, uiachie. Ishuke yenyewe na igonge "tak". Ikinata, fungua usafishe kwa petroli na kitambaa, ila msasa usiuguse kabisa. Kwenye damper weka oili ya 20W-50.

Sasa pasha injini moto, legeza klampu za shafti inayounganisha kabureta, weka mpira sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, na usikilize mvumo wa hewa mpaka ulingane. Halafu inua pistoni kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi: pandisha nati ya jeti ubapa mmoja mmoja (upande mmoja wa nati kila mara). Ikitaka kuzima, shusha.

Tapeti (nafasi ya vali) umeshapima? 0.38 mm, injini ikiwa baridi.