Kabla hujafungasha, jua nani atarudi kununua tena

Duka langu liko Majengo, Dodoma, na haipiti muda bila mtu kuingia na bidhaa mpya: siagi ya karanga, ubuyu, mafuta ya alizeti, zabibu kavu, unga wa lishe. Wengi wanaomba niwachukulie mali kauli, ikiuzika ndipo niwalipe. Kwa niliyoyaona hapa kaunta, bidhaa haitoki kwa sababu tu ni nzuri. Inatoka ikimkuta mtu aliyekuwa anaihitaji tangu kabla hujaitengeneza.

Chukua unga wa uwele. Kijana mmoja kutoka Kongwa aliniletea mifuko ya kilo tano, safi, imeandikwa "chakula cha asili". Hesabu yake ilikuwa kwamba hapa ni kwa Wagogo, na Mgogo na ugali wa uwele hawaachani. Ni kweli, lakini Mgogo anayetaka uwele ana ndugu kijijini. Anatumiwa gunia, anapeleka mashineni, basi. Mifuko ikakaa. Waliokuwa wanaishika ni watu wengine kabisa: wenye kisukari walioshauriwa wapunguze sembe, na akina mama wanaotafuta unga wa uji wa watoto. Mama mmoja aliugeuza mfuko, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, akatafuta alama ya TBS, lile shirika la viwango, kisha akaniuliza, "Kaka, hamna wa kilo moja nijaribu kwanza?" Nilimpigia yule kijana palepale. Alipoleta wa kilo moja na wa nusu, unga uleule ukaanza kutoka, na yule mama akarudi.

Kurudi huko ndiko ninakokuomba ukuangalie. Ukionjesha watu bure, kila mmoja atakusifia, na ndugu zako ndio watazidi. Sifa hazilipi kodi ya fremu. Angalia nani anarudi, na anarudi na shilingi ngapi mkononi. Wateja wangu wengi wa mafuta ya kula wananunua ya jero au ya buku, mafuta ya kupikia leo. Ukileta chupa za lita peke yake, hao umeshawakosa, hata kama alizeti yako ni ya Singida na haina mfano.

Jambo jingine ni hizi hesabu za watu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikawakuta 765,179. Wajasiriamali wananitajia namba hiyo kana kwamba wote ni wateja wao. Mtumishi aliyehamia na ofisi yake na sasa anakaa mtaa wa Kisasa hanunui kama mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mwanafunzi akienda likizo anaondoka na hela yake. Bunge la bajeti nalo, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, linajaza nyumba za wageni, na vitu vya zawadi vinatoka sana. Ukianza kuuza Mei, usikimbilie mkopo. Subiri uone Julai na Agosti zinasemaje.

Kinachoniuma zaidi ni zabibu. Mtu anapanda zabibu za mvinyo kwa kuwa jirani kapanda, wakati wanunuzi wakubwa ni viwanda vichache. Viwanda vikishatosheka, mzigo uko shambani umeiva, na zabibu iliyoiva haikusubiri utafute soko. Mzabibu unakula mtaji wako zaidi ya mwaka kabla haujakulipa. Kwa hiyo, ndugu yangu, ongea na mnunuzi kabla ya kuchimba mashimo. Muulize anataka aina gani, kiasi gani na msimu upi, na mkiafikiana muandikishane.

Kwa bidhaa ya kufungasha, anza na kidogo. Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze njia ya kufika TBS, maana wateja wa mjini sasa wanaitafuta ile alama. Weka mzigo kwenye maduka ya mitaa tofauti, tuseme Majengo, karibu na chuo na Ihumwa, halafu usimuulize mwenye duka kama imeuzika. Muulize kama aliyenunua amerudi, na waliokataa walisema nini.

Mzigo wa majaribio niletee kuanzia tarehe kumi hivi. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka na watu wananunua hata vya kujaribu tu, kwa hiyo siwezi kukupa jibu la kweli.