Fundi, injini ya silinda tatu mbona inatetemeka?

Shikamoo fundi. Passo yangu ya lita 1 inatetemeka nikisimama kwenye taa. Naambiwa nibadilishe maunti zote (mipira inayoshikilia injini). Nikubali? (Morogoro)

Marahaba. Usitoe hela bado. Injini yako, 1KR-FE, ina silinda tatu, na mtetemo kidogo imetoka nao kiwandani. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, silinda tatu hupiga kama mara 19 kwa sekunde. Nne hupiga 25. Tena pistoni ya mbele na ya nyuma hazipandi pamoja, kwa hiyo injini huinama na kuinuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Ukigusa mafuta kidogo ikatulia, hayo ni maumbile yake.

Hofu yangu ni mtetemo uliozidi ghafla. Fungua boneti, vuta handbreki, kanyaga breki, weka D, gusa mafuta kidogo. Fundi aangalie akiwa pembeni, asisimame kabisa mbele ya gari. Injini ikiruka, maunti imekufa. Mapigo yakikatikakatika na nguvu imepungua, gari linamisi, yaani silinda fulani haiwaki vizuri: anza na plagi na koili.

Mbona Mark II GX110 ya mzee, lita 2 tu, imetulia hivi? (Tabata)

Ni 1G-FE, silinda sita kwenye mstari mmoja. Ichukulie kama injini mbili za silinda tatu zilizopeana mgongo: mbele inapoinama, nyuma inaivuta kinyume, mtetemo unaisha humohumo. Watu wanaikimbia kwa ulaji wa mafuta, na ni kweli inakula, lakini kwa utulivu naipenda kuliko injini yoyote ya cc zile. Shida ni urefu; kwenye gari dogo ambalo injini yake hukaa kimkingamo, kutoka kulia kwenda kushoto, haiingii.

Harrier ya 2.4 ina silinda nne kubwa, mbona haitikisi? (Arusha)

Pistoni hukimbia zaidi nusu ya juu ya safari yake, hivyo mbili zinazopanda haziwezi kufuta kabisa nguvu ya mbili zinazoshuka. Kinachobaki hutikisa mara mbili kila mzunguko, na pistoni zikiwa nzito unakisikia. Ndiyo maana injini ya Harrier hiyo, 2AZ-FE, imewekewa shafti mbili za kusawazisha, zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krenki. Wazo hilo ni la Frederick Lanchester wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20.

Na Subaru? (Moshi)

Pistoni zake hulala zikipingana kulia na kushoto, zinafutana vizuri. Ule mngurumo wa kukokota wa Impreza za zamani hutoka kwenye mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu.